“Put off”: kuahirisha au kukinaisha?

Swali: Mara naambiwa “put off” ni kuahirisha, mara ni kukinaisha. Nishike lipi?

Jibu: Shika yote mawili. “They put off the meeting”: wameahirisha mkutano. “The smell put me off”: harufu ilinikinaisha, hamu ikaniisha. Kwa kawaida shughuli huahirishwa, mtu huondolewa hamu.

Kosa linalonisumbua zaidi ni “put off it”. Kiwakilishi hukaa katikati: “put it off”. Kitenzi kikifuata, kiishie na “-ing”: “Don't put off paying the rent.”

Na taa? Afrika Mashariki wengi husema “put off the light”, na tunaelewana; Waingereza wamezoea “turn off” au “switch off”. Kwenye barua rasmi ya kuahirisha, andika “postpone”.