KARATASI YA FEDHA HAIFICHI MAKOSA
Somo la ufundi: Kuivalisha ndege ya mfano ngozi ya aluminiamu

Tarehe 28 Februari 1931 ndege ya shirika la Imperial Airways iliondoka London kuanza njia mpya ya kuleta barua Afrika. Mwisho wa njia hiyo ulikuwa Mwanza. Barua zilihamishwa njiani kutoka ndege moja hadi nyingine, mpaka zikafika kwenye ziwa letu. Watoto wetu nao hutengeneza ndege zao. Wengine hutumia mabua, wengine udongo, wengine makopo.

Leo tujifunze kutengeneza ndege ya mfano iliyo bora zaidi, ya kuwekwa darasani kama zana ya kufundishia. Kuchonga mti tumwachie seremala wa darasa lenu. Somo letu ni ile kazi ya mwisho: kuuvalisha mti karatasi ya fedha, ili ung'ae kama ndege ya kweli.

Tumechagua ndege ya aina ya DC-3, ambayo wengi waliiita Dakota. Iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935 huko Marekani. Shirika la East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kufa mwaka 1977, lilikuwa nazo. Wazee wengi wa kanda hii wanaikumbuka.

KWA NINI KARATASI YA FEDHA?

Mtu atauliza, kwa nini tusipake rangi ya fedha tu, kazi ikaisha? Jibu liko katika ndege yenyewe.

Ndege haiwezi kuundwa kwa chuma kitupu, maana chuma ni kizito. Chukua chombo cha lita moja. Kikijaa maji, maji hayo yana uzito wa kilo 1. Kama kingejaa aluminiamu, uzito ungekuwa kilo 2.7. Kama kingejaa chuma, ungekaribia kilo 7.9. Lakini aluminiamu tupu ni laini. Kwa hiyo mafundi huichanganya na shaba kidogo na madini mengine ili iwe ngumu. Mchanganyiko huo una nguvu, ila huliwa upesi na unyevu. Basi mabati ya DC-3 yalifunikwa juu na chini kwa tabaka jembamba la aluminiamu safi. Kumbe hata ndege ya kweli imevaa ngozi! Sisi tutafanya vivyo hivyo.

Sasa hesabu kidogo. Mfano wetu ni wa kipimo cha 1 kwa 50. Maana yake, sentimita 1 ya mfano ni sentimita 50 za ndege ya kweli.

Upana wa mabawa ya DC-3, ncha hadi ncha, ni karibu mita 29, yaani sentimita 2,900. Gawanya kwa 50, unapata sentimita 58.
Urefu wake ni karibu mita 19.7, yaani sentimita 1,970. Gawanya kwa 50, unapata sentimita 39.4.
Mtu wa sentimita 170 anakuwa sentimita 3.4.

Karatasi ya fedha ya jikoni ina unene wa karibu milimita 0.016. Zidisha kwa 50, unapata milimita 0.8. Bati la kweli la ndege kama hii, sehemu nyingi, halifiki milimita 1. Basi karatasi hii inalingana na ngozi ya kweli. Karatasi ya daftari ina karibu milimita 0.1. Zidisha kwa 50, ni milimita 5. Hiyo si ngozi tena, ni blanketi.

VIFAA

1. Karatasi ya fedha inayouzwa madukani kwa kufungia chakula. Ile ya pakiti ya sigara imegandishwa kwenye karatasi nyeupe, kwa hiyo ni nene. Itumieni kwa mazoezi.
2. Mti mwepesi. Kandokando ya ziwa kuna ule mti laini unaoota majini, ambao wavuvi waliutumia kwa maboya ya nyavu. Huo unafaa sana.
3. Msasa wa kukwaruza na msasa laini.
4. Vanishi, na gundi nyeupe ya seremala.
5. Wembe mpya, rula, sindano, brashi ndogo, pamba na kitambaa laini.
6. Kalamu ya wino iliyokwisha wino.

HATUA YA KWANZA: KUANDAA MTI

Hapa ndipo penye kazi. Tunasema wazi: karatasi ya fedha haifichi makosa. Rangi nzito huweza kufunika kovu la msumari. Karatasi hii hufanya kinyume. Chembe moja ya vumbi ikibaki chini yake, itaonekana kama jipu usoni.

Piga msasa wa kukwaruza, kisha msasa laini. Matundu ya mti yazibe kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Ukikauka, piga msasa tena. Paka vanishi, acha ikauke mpaka kesho yake, piga msasa laini, paka mara ya pili. Fumba macho upitishe kidole. Macho hudanganya, kidole hakidanganyi. Kidole kikikwama mahali popote, rudia.

Darasani kwetu mara ya kwanza tulifanya haraka. Tukasema, "Aa, karatasi itafunika." Haikufunika kitu. Tukabandua yote tukaanza upya.

HATUA YA PILI: KUTIA GUNDI

Karatasi ya fedha haipitishi maji wala hewa. Ukipaka gundi mbichi na kubandika papo hapo, maji ya gundi yatakosa njia ya kutokea. Yatabaki chini na kufanya malengelenge. Wengi huharibikiwa hapa, halafu huilaumu gundi.

Fanya hivi. Changanya vijiko 2 vya gundi na kijiko 1 cha maji. Paka kwa brashi upande wa nyuma wa karatasi, wepesi kabisa. Kisha ngoja. Gundi itaacha weupe wake na kuwa kama kioo. Igonge kidogo kwa kidole: inanata kama utomvu wa fenesi, lakini haibaki kidoleni. Sasa ndiyo wakati wa kubandika.

Wengine hutumia gundi ya mafundi viatu. Inashika vizuri, lakini mvuke wake unaumiza kichwa na unawaka moto upesi. Itumieni nje penye hewa, mbali na jiko, taa na sigara. Watoto wasiikaribie.

HATUA YA TATU: KUBANDIKA

Usijaribu kufunika ndege nzima kwa kipande kimoja. Ndege ya kweli haikuundwa hivyo. Imeunganishwa kwa mabati mengi. Kata vipande kwa wembe na rula, kila kimoja kizidi kidogo tu ili kilalie mwenzake.

Anzia mkiani uje mbele. Kwa nini? Mtazame samaki sato. Gamba la mbele linalalia gamba la nyuma, na maji hupita bila kukwama. Ndege nayo hupita hewani hivyo hivyo. Ukianzia mkiani, kila kipande cha mbele kitalalia cha nyuma, na mishono itaelekea inakotakiwa.

Weka kipande, kisha kisugue kwa pamba kutoka katikati kwenda pembeni, taratibu. Pua ya ndege ni mviringo kila upande, na karatasi hii hainyumbuki kama mpira. Hapo tumia vipande vyembamba vyenye ncha, kama ganda la chungwa lililochanwa. Lengelenge likitokea, litoboe kwa sindano na ulisukume hewa itoke. Kipande kikichanika, kibandue chote. Usiweke kiraka juu ya kiraka.

HATUA YA NNE: KUTOFAUTISHA MABATI

Ukiitazama ndege kuukuu, mabati yake hayang'ai sawasawa. Tunaweza kuonyesha hivyo bila rangi.

Karatasi ya fedha ina upande unaong'aa na upande uliofifia. Hii ni kwa sababu kiwandani, mara ya mwisho, karatasi mbili hupitishwa pamoja kwenye mashine ya kubana. Pande zilizogusana hufifia, zilizogusa chuma hung'aa. Basi vipande vingine vibandike upande huu, vingine upande ule. Tena, karatasi ina mistari midogo ya mashine. Kipande kimoja kiweke mistari ikienda mbele, cha pili mistari ikikata. Mwanga utavionyesha tofauti.

Na bati la karibu na injini, lililobadilika kwa moshi? Mama mmoja wa darasa letu alitupa jibu. "Jamani, nyie hamjaona sufuria iliyopikiwa magadi?" Ni kweli. Magadi huila aluminiamu na kuipa rangi ya kijivu. Weka kipande cha karatasi katika maji ya moto yenye magadi kidogo, kwenye chombo kisicho cha aluminiamu. Usikifunike, maana hutoa hewa inayowaka, na usikae nacho karibu na moto. Kitazame. Kikishabadilika rangi kitoe, kioshe, kikaushe, ndipo upake gundi. Ukikisahau, kitatoboka.

Mwisho, chora mistari ya mabati na madirisha kwa ile kalamu isiyo na wino, ukifuata rula. Usikandamize. Misumari ya ribiti utaionyesha kwa kigurudumu chenye meno, kile ambacho fundi cherehani hutumia kuwekea alama kitambaa. Futa alama za vidole kwa kitambaa laini.

MLANGO UKO WAPI?

Ndege yetu ya pili ilipokamilika ilimetameta kama kioo. Tukaisifu. Mzee mmoja, aliyewahi kupakia mizigo uwanja wa ndege, aliishika akaizungusha mara mbili, akauliza: "Sasa wajukuu zangu, watu wanatokea wapi?"

Tukatazama. Hatukuchora mlango! Tulishughulikia mng'ao tukasahau abiria.

Ndugu wasomaji, swali la mzee si la mzaha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya shirika la Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Watu 19 walifariki na 24 waliokoka. Wavuvi walikuwa wa kwanza kufika, kwa mitumbwi yao. Ndege ile ilikuwa ya aina ya ATR 42. Abiria wake huingilia mlango wa nyuma, upande wa kushoto. Kushoto ni kushoto kwa rubani anapotazama mbele. Mlango wa abiria wa Dakota nao ulikuwa nyuma, kushoto.

Mtu wa pwani ya ziwa anaweza kuitwa kuokoa wenzake siku ambayo hakuitarajia. Siku hiyo hakuna nafasi ya kujifunza. Kujifunza ni leo, kwa kushika mfano mkononi na kuuliza: mbele ni wapi, nyuma ni wapi, mlango uko upande gani?

Kwa hiyo tulibandua kile kipande cha nyuma, kushoto. Tukachora mlango, tukauzungushia mstari mwekundu. Ule mstari umeharibu urembo kidogo. Lakini sasa mfano wetu unafundisha, na ndege ya mfano isiyofundisha ni pambo tu.

ZOEZI NA MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini gundi iachwe ikaribie kukauka kabla ya kubandika karatasi?
2. Bawa moja la ndege lina urefu wa mita 14. Katika mfano wa 1 kwa 50 litakuwa sentimita ngapi?
3. Kwa nini tunaanza kubandika mkiani? Ni vitu gani vingine kijijini kwenu vinavyolaliana namna hiyo?
4. Jadilianeni: chombo cha majini au cha angani kikipata ajali karibu na kijiji chenu, nani atafika kwanza, na anapaswa kujua nini kabla ya siku hiyo?
5. Tengenezeni mfano wa mtumbwi au wa ndege. Kabla ya kuupamba, andikeni kwanza orodha ya mambo ambayo mfano huo utafundisha.