SOMO LA SHERIA: KUVUNJA MKATABA WA HUDUMA NA HATIMA YA ARUBUNI

Watumishi wa Serikali wanaoombwa kushuhudia makubaliano ya kulimiwa mashamba, pamoja na wananchi wanaoyafunga, wanapaswa kufahamu haki za kila upande mkataba unapovunjwa. Wapo wanaoamini kwamba arubuni ikishatolewa hairudi kamwe, na wapo wanaodhani hurudi yote. Imani zote mbili si sahihi.

Zanzibar na Tanzania Bara kila moja ina sheria yake ya mikataba. Hata hivyo, zote mbili zilitungwa kwa kufuata Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, na kwa hivyo misingi yake ni ile ile. Mkulima wa Cheju atafaidika na mfano wa mwenzake wa Kilangali, wilayani Kilosa, ambako pia hulimwa mpunga.

Tuchukue kwamba mkulima wa Kilangali amekubaliana na mwenye trekta alimiwe ekari 4 kwa shilingi 60,000 kila ekari, yaani shilingi 240,000. Ametanguliza nusu, shilingi 120,000. Trekta limekwisha kufika shambani kwa mafuta ya shilingi 30,000, ndipo mkulima anaghairi kwa khiyari yake.

Sheria humpa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Haimpi faida juu ya hasara. Tena humtaka achukue hatua za busara kuipunguza. Ikiwa siku hiyo hiyo mwenye trekta amepata shamba jingine la kulima kwa bei ile ile, hasara yake ni mafuta tu; atakata shilingi 30,000 na kurudisha 90,000. Ikiwa amekosa kazi nyingine, naye alitarajia faida ya shilingi 80,000, hasara yake ni shilingi 110,000, atarudisha 10,000.

Je, mkataba ukisema kwamba atakayeghairi atatozwa shilingi 100,000? Kiasi hicho ni kikomo, si malipo ya lazima. Kwa mujibu wa kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba ya Bara, Sura ya 345, Mahakama hutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi kilichotajwa.

Mambo hubadilika iwapo shamba limefunikwa na maji kabla ya kulimwa, bila ya kosa la yeyote. Wilaya ya Kilosa inayajua maafa hayo tangu mto Mkondoa ulipofurika Desemba 2009 na Januari 2010. Kazi ikishindikana kabisa kwa sababu ya namna hiyo, mkataba hubatilika, na aliyepokea fedha hutakiwa kuirejesha. Na mwenye trekta akishindwa kufika kwa uzembe wake, atarudisha arubuni yote na kulipa fidia ya hasara aliyosababisha.

Mkataba wa mdomo unaweza kuwa halali, lakini ni mgumu kuthibitisha. Kwa hivyo, wananchi wanashauriwa kuandika mambo yafuatayo:

(a) bei kwa ekari na kiasi kilichotangulizwa;
(b) siku ya mwisho ya kughairi bila ya makato;
(c) makato baada ya siku hiyo;
(d) saini za pande zote na za mashahidi.

Stakabadhi ihifadhiwe. Ukitokea mzozo, pande mbili zikae kwanza mbele ya Sheha, au ya Mtendaji wa Kijiji kwa walioko Bara. Wasipoafikiana, Mahakama iko wazi.