Mtoto Akivunjika Mfupa wa Paja

Mfupa wa paja ni mrefu na wenye nguvu kuliko mifupa yote ya mwili. Hata hivyo huvunjika. Mtoto huanguka kutoka juu ya mwembe, au hugongwa na pikipiki akivuka barabara. Paja huvimba, mguu huonekana mfupi, na mtoto hawezi kuuinua.

Ndugu wanakisomo, damu nyingi yaweza kuvujia ndani ya paja bila kuonekana nje. Basi msimsimamishe mtoto huyo, wala msimbebe mgongoni. Tafuteni ubao au fito zilizonyooka. Fungeni kwa khanga kuanzia kwapani hadi chini ya mguu, lakini msikaze mno. Mkikosa ubao, fungeni mguu uliovunjika pamoja na ule mzima. Vidole viachwe wazi. Vikiwa vya baridi au vikibadilika rangi, legezeni. Kama mfupa umetokeza nje, funikeni kwa kitambaa safi, msiurudishe ndani. Na chakula msimpe kwanza, maana huenda akapewa dawa ya usingizi.

Wengi wetu hukimbilia kwa mzee wa kuunga mifupa. Wazee hawa tunawaheshimu. Lakini hawana eksirei, na fito zikikazwa sana damu haipiti. Nyama hufa, na mguu hukatwa. Mtoto alikwenda kuungwa mfupa, sasa hana mguu!

Hospitalini, tiba hufuata umri. Mtoto mdogo, tangu miezi 6 hadi miaka 5 hivi, kwa kawaida hapasuliwi. Hufungwa plasta kubwa, ile tunayoiita hogo, kuanzia tumboni hadi mguuni, kwa wiki 4 hadi 8. Eksirei ikionyesha vipande vimepishana kidogo, usimgombeze daktari. Mfupa wa mtoto wa miaka 2 hadi 10 ukishavunjika hukua kwa haraka, na mara nyingi hujiongezea kama sentimeta 1.

Kuanzia miaka 5 hadi 11 hivi, operesheni hufaa zaidi. Daktari huingiza vyuma viwili vyembamba vinavyopindika kama upinde. Hupitia matundu madogo, moja kila upande, juu kidogo ya goti. Ndani ya mfupa vyuma hivyo hukaza pande zote, na vipande hutulia. Madaktari wa mji wa Nancy, nchini Ufaransa, ndio walioieneza njia hii katika miaka ya 1980. Mtoto hukaa bila hogo na huanza mapema kutembea kwa magongo. Mfupa ukishaunga, vyuma huweza kutolewa.

Kwa nini matundu yawe juu ya goti, si kwenye goti lenyewe? Kwa sababu karibu na ncha za mfupa wa mtoto pana gegedu la kukulia. Likiharibiwa, mguu hubaki mfupi au hupinda.

Kijana mkubwa, au mwenye uzito unaozidi kilo 50 hivi, vyuma vyembamba vyaweza kumshinda. Huyu huwekewa chuma kimoja kinene chenye skrubu, kinachoingia upande wa nje wa nyonga. Upande wa ndani huepukwa, maana hapo hupita mishipa ya damu inayolisha kichwa cha mfupa. Mfupa uliovunjika vipande vingi huenda ukafungwa bamba la chuma. Wenye kidonda kikubwa hushikwa kwa vyuma vya nje.

Mahali pasipo na vifaa hivyo, mguu huvutwa kwa uzito unaoning'inia kitandani, wiki kadhaa. Mzazi asidhani mtoto ametelekezwa. Hiyo ni tiba, tena ya miaka mingi. Anzeni kituo cha afya, nao watawapa rufaa.

Jambo moja tusilifiche. Mtoto ambaye hajaanza kutembea akivunjika paja, lazima tuulize nani alikuwa naye. Huenda alipigwa.

MASWALI YA DARASA
Kwa nini vidole viachwe wazi? Gegedu la kukulia lina kazi gani? Katika kijiji chenu, nani ana chombo cha kumfikisha mgonjwa hospitali usiku?