Gofu Chini ya Mlima Kenya: Mwongozo kwa Mchezaji Anayepanda Kutoka Pwani

Mpira wangu wa kwanza Nanyuki ulipita juu ya grini, ukadunda nyuma yake, ukabingirika mteremkoni hadi vichakani. Nilikuwa nimetoka Mombasa siku iliyotangulia, na kule pwani aini yangu namba 7 hutua mita 140 jana, leo na kesho. Bendera ilikuwa mita 140. Mkwaju wenyewe nilikuwa nimeupiga vizuri mno, nikabaki nimeshika fimbo nisielewe kosa langu liko wapi. Mzee aliyenibebea begi, kedi wangu, hakusema neno. Tulipofika shimo la pili nikamuuliza, "Mzee, hapa ni mita ngapi?"

"Ni mia na arobaini," akasema, "lakini wewe piga ya mia na thelathini."

Nikapiga ya mia na thelathini. Mpira ulitua grini, ukakaa. Hesabu ile ndiyo msingi wa mwongozo huu, na nimeuandika kwa ajili ya mchezaji wa Mombasa, Diani, Tanga au Dar es Salaam anayepanda milimani kwa mara ya kwanza akiwa na fimbo zake, mazoea yake na hamu kubwa.

Hatua ya kwanza: chagua msimu, kisha fika siku moja kabla

Nanyuki iko kilomita 200 hivi kaskazini mwa Nairobi, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,950 kutoka usawa wa bahari. Mjini kuna uwanja wa Nanyuki Sports Club wenye mashimo 9. Ukiendelea kupanda kuelekea mlimani unafika Mount Kenya Safari Club, hoteli iliyoanzishwa mwaka 1959 na mwigizaji wa Marekani William Holden pamoja na wenzake. Hapo pia kuna mashimo 9, na mstari wa Ikweta unapita ndani ya uwanja wenyewe. Anayetaka mashimo 18 huzunguka mara mbili, na sioni hasara yoyote. Mzunguko wa kwanza unakufundisha, wa pili unautumia.

Miezi ninayoipendekeza ni Januari na Februari. Anga huwa safi, ardhi imekauka, na mlima unaonekana wazi. Mvua za masika hunyesha Machi hadi Mei, za vuli Oktoba hadi Desemba. Katika miezi hiyo bado unaweza kucheza, ila uwe tayari kulowa na kuukosa mlima siku nzima.

Usishuke kwenye gari ukaenda moja kwa moja kupiga mpira. Katika mwinuko huu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na ya ufukweni, na mwili uliozoea viwanja vya Nyali au Lugalo utahema kwenye kilima ambacho mwenyeji anakipanda huku anazungumza. Lala usiku mmoja. Kunywa maji mengi kuliko unavyodhani unahitaji, maana baridi huficha kiu. Kichwa kikiuma kidogo jioni ya kwanza, pumzika na unywe maji, na pombe iache kwa siku hiyo.

Hatua ya pili: sahau umbali uliokuja nao

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo wageni wengi wanapoharibu siku yao.

Hewa nyepesi haiushiki mpira kama hewa nzito ya baharini. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 mpira uliopigwa kwa nguvu zote huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 7. Fimbo inayokupa mita 130 nyumbani itakupa kama 139 hapa. Draiva ya mita 200 itafika 214. Kwa wachezaji wengi tofauti hiyo ni sawa na fimbo nzima: palipohitaji aini 7, chukua aini 8.

Lakini hesabu haiishii kwenye urefu. Hewa ile ile inayouzuia mpira usisonge mbele ndiyo pia huuinua na kuukunja. Ikipungua, mpira huruka chini zaidi kuliko ulivyozoea, hutua kwa mlalo, kisha hubingirika. Kwa hiyo usilenge bendera yenyewe. Lenga mbele ya grini na uuache mpira ujiendee, kama njia iko wazi. Mwenye tatizo la mpira kukimbilia kulia atagundua hapa kwamba kosa lake limepungua. Hiyo si tiba. Akirudi pwani atalikuta linamsubiri.

Kwa mikwaju mifupi, ile ya weji ya nusu nguvu, badiliko ni dogo sana, mita moja au mbili. Usiipunguze. Nimeona watu wakikata asilimia kwenye kila mkwaju mpaka ule wa mita 30, wakaishia kwenye banka.

Fanya hivi kabla ya kuanza. Nenda kwenye uwanja wa mazoezi na mipira 30. Piga 10 kwa weji, 10 kwa aini namba 7, 10 kwa draiva. Usipige kwa hasira wala kwa kujionyesha, piga kwa mwendo wako wa kawaida. Andika kwenye kadi ya matokeo mahali mipira mingi inapotua, siyo ule mmoja uliokwenda mbali kuliko yote. Namba hizo tatu ndizo utakazotembea nazo.

Jambo moja la kukumbuka: asubuhi yenye baridi kali hupunguza faida hiyo. Hewa ya baridi ni nzito kuliko ya mchana, na mpira wenyewe ukipoa haurudishi nguvu vizuri. Shimo la kwanza alfajiri na shimo la tisa saa tano si hesabu moja. Weka mpira wa akiba kwenye mfuko wa suruali upate joto la mwili. Kuupasha mpira moto kwa makusudi kwa kifaa chochote sheria hairuhusu.

Hatua ya tatu: anza mapema, uvae kwa matabaka

Jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, maana uko Ikweta. Omba nafasi ya kwanza kabisa. Sababu ni mlima wenyewe. Alfajiri utaviona vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, vikiwa vyeusi juu ya theluji na barafu kidogo iliyobaki. Ikifika saa tatu au saa nne mawingu huanza kupanda kutoka msituni, na mara nyingi mlima haurudi mpaka jioni. Wazee wa Kikuyu waliuita Kirinyaga na walisali wakiuelekea. Simama dakika mbili uutazame kabla hujachomeka tii ardhini, kwa sababu ukishaanza kuhesabu mikwaju hutautazama tena.

Joto la alfajiri linaweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Vaa fulana yenye kola, sweta nyepesi juu yake, na koti la mvua liwe begini. Kufikia saa nne utakuwa umebaki na fulana. Kofia na mafuta ya kukinga jua ni lazima hata kama ngozi yako ni nyeusi na huna mazoea hayo, kwani kadiri unavyopanda ndivyo miale ya jua inavyokuwa mikali, nao ubaridi wa upepo unakudanganya.

Umande wa asubuhi hiyo ni mwalimu. Grini inakuwa nyeupe, na mpira wa mwenzako ukipita unaacha mstari wa kijani kibichi juu ya ule weupe. Chuchumaa uutazame: utaona pale ulipoanza kupinda, na kwa kiasi gani. Hakuna maelezo ya mdomo yanayoshinda mstari huo. Ila mpira kwenye umande huenda polepole, na jua likishakausha nyasi utahitaji nguvu pungufu kuliko ile uliyotumia mwanzo.

Hatua ya nne: simama kama ardhi ilivyo

Pwani unasimama sawa karibu kila mara. Mlimani huenda usipate mahali tambarare isipokuwa kwenye tii. Mambo manne tu ya kushika, na ninamzungumzia anayepiga kwa mkono wa kulia. Mpira ukiwa juu ya usawa wa miguu yako utakunja kushoto: shika fimbo chini kidogo, lenga kulia. Ukiwa chini ya miguu utakunja kulia: kunja magoti zaidi, lenga kushoto. Ukipiga kuelekea juu ya mlima mpira utapaa sana na kufika karibu, basi ongeza fimbo. Ukipiga kuelekea bondeni utaruka chini na kukimbia, basi punguza.

Katika hali zote, mabega yafuate mteremko, na uzungushe fimbo kwa robo tatu ya nguvu zako. Anayejitutumua kwenye mteremko huanguka mbele au nyuma, na mpira unajua.

Kimo cha grini nacho kina hesabu yake. Grini ikiwa mita 10 chini yako, punguza kama mita 10 kwenye umbali. Ikiwa mita 10 juu, ongeza vivyo hivyo. Hesabu hii unaijumlisha na ile ya hewa.

Hatua ya tano: heshimu nyasi za kikuyu

Nyasi hizi zimepewa jina la watu wa nyanda hizi, na asili yake ni milima ya Afrika Mashariki. Zimesambaa mpaka Afrika Kusini, Australia na California, lakini hapa ndipo nyumbani kwake. Shina lake hutambaa, linashikana, linafanya mkeka. Bonyeza kwa kidole uone: kidole kinazama, halafu nyasi zinakisukuma kirudi juu.

Mpira ukikaa juu ya mkeka huo, furahi, umewekewa kama kwenye tii. Ukizama ndani yake, hiyo ni habari nyingine. Nyasi zinashika shingo ya fimbo na kuizungusha mkononi. Hapo acha tamaa ya kufika grini. Chukua weji, kaza mkono wa kushoto, shuka juu ya mpira kwa ukali, uutoe tu mpaka penye nyasi fupi.

Pembeni mwa grini kosa la mgeni ni kubingirisha mpira, kama tunavyofanya pwani kwenye ardhi ngumu. Kikuyu itaukamata baada ya hatua moja. Uinue kwa weji, utue ndani ya grini, ubingirike kuanzia hapo.

Hatua ya sita: uliza mlima uko wapi

Wenyeji husema mpira kwenye grini hukimbia kutoka mlimani. Maji yote hapa yanatoka juu, yanashuka kuelekea mto Ewaso Ng'iro, na viwanja vimejengwa juu ya mteremko huo mkubwa. Jicho linaizoea ardhi iliyoinama na kuiona iko sawa, hata linakuonyesha mpira utapanda pale unaposhuka. Ukishindwa kusoma mstari, geuka uutafute mlima, au ulizie uliko kama mawingu yameufunika, kisha amini kwamba mpira utavutwa upande wa pili. Kedi anausoma mteremko kwa nyayo. Mzee wangu alikuwa anatembea polepole kuvuka grini, pembeni ya mstari wangu, halafu ananyoosha kidole: "Hapa." Kila nilipobishana naye nilipiga mikwaju mitatu.

Hatua ya saba: wanyama na radi

Tumbili akichukua mpira wako uliotulia, na umeona, hakuna adhabu: weka mpira mwingine mahali ulipokuwa. Ukiangukia kwenye shimo lililochimbwa na mnyama una haki ya kuusogeza bure. Mpira uliopotea unatafutwa dakika 3, basi. Usiingie vichakani peke yako kuufuata.

Mchana mawingu yanaweza kugeuka ghafla kuwa ngurumo. Sheria inakuruhusu kusimamisha mchezo mwenyewe ukihisi hatari ya radi, bila kusubiri mtu akupigie king'ora. Teremsha fimbo, ondoka kilimani, ingia kwenye jengo au ndani ya gari. Usijikinge chini ya mti uliosimama peke yake, hata kama mvua ni ya mawe.

Hatua ya mwisho: malipo

Uliza ofisini bei ya kedi kabla ya kuanza, ili pasiwe na mazungumzo ya fedha katikati ya mchezo. Msalimie, mwambie jina lako, na umwonyeshe zile namba tatu ulizoandika kwenye kadi, kwa kuwa yeye anaujua uwanja lakini hajui fimbo zako. Mkimaliza, rekebisha alama zako kwenye grini, mpe mkono, na umlipe hapo hapo pamoja na kitu cha shukrani, kabla hujaenda kuoga wala kuagiza chai. Makedi wengi wanalipwa kwa siku wanayopata begi, na siku ya mvua hawapati. Tafadhali usimwache mzee akikusubiri getini.