Kujaribu Mfumo Mwingine wa Kompyuta Bila Kufuta Ulio Nao

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa masahihisho ya usalama ya Windows 10, isipokuwa kwa waliojiandikisha katika mpango wa muda wa nyongeza. Wenye kompyuta za zamani sasa hushauriwa “wapige windo” mpya au wahamie Linux. Tuchukue mfano wa mwalimu wa Mbesa, mkoani Ruvuma, ambaye alama za wanafunzi na picha za familia zimo katika kompyuta hiyo moja tu. Fundi akifuta diski kabla ya kunakili, hakuna risiti itakayozirejesha.

Mfumo mpya unaweza kujaribiwa kwanza kwa mashine pepe, yaani programu inayoigiza kompyuta nzima ndani ya dirisha moja la kompyuta yako. Mfumo unaosimikwa humo huiona faili moja kubwa kuwa ndiyo diski yake. Usipokupendeza, unaifuta mashine hiyo na nyaraka zako zinabaki palepale. VirtualBox ya kampuni ya Oracle hutolewa bure, vivyo hivyo mfumo wa Ubuntu. Kifurushi cha nyongeza cha VirtualBox kina leseni yake: ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu, lakini biashara hupaswa kukilipia. Kwa jaribio la kawaida hakihitajiki.

Gharama halisi ni bando. Faili ya Ubuntu 24.04 ina takriban gigabaiti 6, na ikikatika katikati huenda ukaanza upya. Kwa kuwa leseni yake inaruhusu kunakili na kugawa, ni halali kabisa kuipata kwa flashi kutoka kwa mwenzako. (Programu huria si ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili.) Hata hivyo, nakala ya mkononi ihakikiwe. Amri ya certutil iliyomo katika Windows hutoa msururu wa herufi na tarakimu za faili; ukitofautiana na ule uliochapishwa na watengenezaji, usiitumie.

Ubuntu 24.04 huhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 25 katika diski. Kompyuta yenye gigabaiti 4 kwa jumla haitaimudu mifumo miwili kwa pamoja. Yenye 8 itajikongoja vizuri. Mashine ikigoma kuwaka, mara nyingi uwezo huo umezimwa katika mipangilio ya awali ya kompyuta.

Tunasisitiza kwamba mashine pepe haiiponyi Windows ya zamani inayoibeba. Kirusi kilichomo nje kinaweza kunasa nywila unayoiandika ndani, na folda inayotumiwa na pande zote mbili ni mlango wazi. Kwa hiyo, usiitumie kama kinga ya miamala ya benki. Ukiridhika na jaribio, nakili nyaraka zako kwenye diski ya nje, zifungue katika kompyuta nyingine kuthibitisha kuwa ni nzima, ndipo usimike mfumo mpya moja kwa moja.

Fundi ana haki ya kulipwa kwa kazi yake. Akikudai fedha ya “leseni ya Ubuntu” ya kutumia nyumbani, kataa, kwani leseni hiyo hailipiwi. Dai risiti inayotaja kazi ya kusimika, na uitunze.