Uzuri wa Mbao: Kuchagua Mti wa Kutengenezea Vibweta

Mtu anapotunukiwa kibweta kizuri cha kuwekea pete, barua au vifaa vya kushonea, kwanza hukisifu, kisha huuliza ni nani aliyekitengeneza. Mara chache huuliza kimetoka katika mti gani. Hata hivyo sehemu kubwa ya uzuri ule haikutoka mkononi mwa fundi. Ilikuwamo ndani ya gogo kwa miaka mingi, ikijengwa kidogo kidogo na mvua, kiangazi na maisha ya mti wenyewe. Kazi ya fundi ni kuutambua uzuri huo, kuufunua na kuuhifadhi. Asiyeweza kuutambua huutia jikoni kama kuni. Asiyeweza kuuhifadhi hutengeneza kibweta kinachopasuka kabla mwaka haujaisha.

Makala hii yaeleza sayansi iliyomo katika kazi hiyo. Walimu wa biolojia, fizikia na ufundi wataona kwamba kipande cha mbao kisichozidi urefu wa kiganja chatosha kwa masomo ya vipindi kadhaa.

Rangi na mistari hutoka wapi?

Kati ya gome na mbao ya mti ulio hai mna tabaka jembamba la seli zinazogawanyika. Kwa upande wa ndani tabaka hilo huzaa mbao, na hivyo ndivyo shina linavyonenepa. Seli za mbao si za namna moja. Mirija hupandisha maji kutoka mizizini. Nyuzi huupa mti nguvu ya kusimama. Na miale, ambayo hutoka katikati ya shina kuelekea gome, huhifadhi na kupitisha chakula.

Mti unapozeeka, seli hai zilizo karibu na katikati hufa. Wakati wa kufa kwake hutengenezwa kemikali nyingi ambazo huenea katika kuta za seli na kuzipa rangi. Sehemu hii yenye rangi huitwa moyo wa mti, na ile ya nje iliyo nyeupe au ya manjano hafifu ndiyo ambayo bado inapitisha maji. Katika mpingo (Dalbergia melanoxylon) tofauti hiyo yaonekana wazi: nje pana tabaka jembamba jeupe, na ndani moyo wa zambarau nzito unaokaribia weusi. Mninga (Pterocarpus angolensis) una moyo wa hudhurungi unaoelekea wekundu, na mfenesi una moyo wa manjano uliotiwa rangi na kemikali iitwayo morini.

Kemikali hizo si pambo tu. Nyingi kati yake ni sumu kwa kuvu na wadudu, na ndiyo sababu moyo wa mpingo au wa mvule hudumu miaka mingi. Sehemu nyeupe haina kinga hiyo, tena yaweza kuwa na wanga unaowavutia wadudu watoboao mbao. Fundi anayependa kuchanganya weupe na weusi katika kibweta kimoja hana budi kuhakikisha kwamba sehemu nyeupe imekauka vizuri na haina matundu wala unga wa wadudu.

Mistari nayo ina historia yake. Katika nchi za baridi, pete za shina huonyesha majira ya joto na ya baridi. Katika nchi za joto, kinachotawala zaidi ni mvua na kiangazi. Msaji, kwa mfano, huanza msimu wa kukua kwa mirija mipana na kuumaliza kwa mirija myembamba, hivyo pete zake huonekana bila shida. Katika mvule na mkangazi pambo hutoka katika jambo jingine: nyuzi huinama upande mmoja kwa muda, kisha zikainama upande wa pili. Mbao ya namna hiyo ikipasuliwa kuelekea katikati ya gogo hutoa mikanda ya mwanga na kivuli ambayo hubadilishana kila kipande kinapogeuzwa. Lakini nyuzi hizo hizo humtaabisha mwenye randa, kwani upande unaolainisha mkanda mmoja huchana mkanda wa jirani. Dawa yake ni kunoa randa sawasawa, kuondoa maranda membamba sana, na kumalizia kwa msasa.

Gogo moja, nyuso tatu

Gogo moja laweza kutoa sura tatu. Likikatwa kukingama, huonekana pete na miale kama gurudumu. Likipasuliwa kutoka gome kuelekea katikati, mistari hunyooka na miale hung'aa kama mabaka. Likipasuliwa kwa kugusa ubavu wa pete, mistari hufanya matao na vilima. Tena penye panda ya tawi nyuzi husongana na kufanya umbo la unyoya, na penye nundu hujikunja pande zote.

Kwa kibweta kidogo, ukubwa wa pambo ni jambo la kufikiriwa. Matao mapana yanayopendeza juu ya meza ya kulia hupotea juu ya kifuniko cha sentimita 12, kwa sababu jicho huona kipande tu cha umbo. Mbao zenye mirija midogo, kama mpingo, au zenye mistari myembamba, hufaa zaidi. Ili kujua rangi itakavyokuwa baada ya kupakwa mafuta, inatosha kuparuza sehemu ndogo kwa randa na kuilowesha kwa maji. Gogo lililokaa uani miaka mingi huwa na uso wa kijivu unaoweza kumdanganya hata seremala mzoefu.

Mbao hunywa na hukauka

Mbao haiachi kubadilika eti kwa kuwa mti umekwisha kukatwa. Mbao mbichi ina maji ndani ya matundu ya seli na ndani ya kuta za seli. Maji ya matunduni hutoka kwanza, na mbao haisinyai. Kiasi cha unyevu kinaposhuka chini ya takriban asilimia 30, maji ya kutani huanza kutoka, na hapo ndipo mbao inaposinyaa. Kiasi hicho hupimwa hivi:

Jaribio la 1. Mwanafunzi achukue kipande kidogo cha mbao na kukipima kwa mizani. Kisha akikaushe katika tanuri la maabara kwa nyuzi 103 za Selsiasi, akikipima tena na tena mpaka tungamo lisipungue. Atoe tungamo kavu katika tungamo la kwanza, agawanye tofauti kwa tungamo kavu, na azidishe kwa 100. Kipande kilichokuwa gramu 60 na kubaki gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 20.

Mbao iliyokwisha kauka hufuata hewa ya mahali ilipo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 80, mbao hutulia ikiwa na unyevu wa asilimia 15 au zaidi kidogo. Hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 50, mbao hutulia karibu na asilimia 9. Hapa ndipo mafundi wengi wanapohasirika. Kibweta kilichotengenezwa Dar es Salaam wakati wa masika, kikipelekwa Dodoma wakati wa kiangazi, huingia katika hewa nyingine kabisa.

Hesabu yake ni nyepesi. Ichukuliwe mbao ambayo, kutoka asilimia 30 hadi ukavu kamili, husinyaa kwa asilimia 6 kwa kufuata pete, na nusu yake, yaani asilimia 3, kwa kufuata miale. Kila unyevu unapopungua kwa asilimia 1, upana hupungua kwa asilimia 0.2 katika hali ya kwanza na 0.1 katika hali ya pili. Unyevu ukishuka kutoka asilimia 15 hadi 9, kifuniko cha upana wa milimita 150 kitapungua kwa milimita 1.8 kikiwa kimepasuliwa kwa kufuata pete, na kwa milimita 0.9 kikiwa kimepasuliwa kwa kufuata miale. Kwa urefu wa nyuzi mabadiliko huwa madogo mno, hata hayafiki sehemu moja ya kumi ya milimita kwa urefu huo huo.

Milimita 1.8 ni kitu kidogo, lakini kibweta hakina pa kuificha. Kifuniko kilichogandishwa kwa gundi pande zote hakiwezi kusinyaa, basi hupasuka. Kinyume chake, kifuniko kilichobanwa barabara Dodoma huvimba pwani kikakataa kufunguka. Kwa hiyo kifuniko cha mbao nzima huachwa kielee ndani ya mfuo wa fremu bila gundi, kikiwa na nafasi ya kunenepa na kukonda. Mninga hupendwa sana na maseremala kwa sababu hiyo pia: husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi.

Jaribio la 2. Densiti ni tungamo kwa kila ujazo. Wanafunzi wapime urefu, upana na unene wa vipande vya mbao mbalimbali, wavipime kwa mizani, kisha wavitie majini. Mpingo mkavu, wenye densiti ya takriban kilogramu 1,200 kwa mita moja ya ujazo, utazama. Mvule, wenye takriban kilogramu 650, utaelea. Jaribio hili humsaidia mnunuzi asiuziwe mbao nyingine iliyopakwa rangi nyeusi kwa jina la mpingo.

Pa kutafuta mbao

Mtengeneza vibweta ana bahati ambayo mtengeneza milango hana: mahitaji yake ni madogo. Kwenye karakana za kupasua mbao huachwa vipande vya sentimita 20 au 30 ambavyo haviwezi kuwa kiti wala dirisha. Wachongaji wa mpingo nao hubakiwa na vipande vya pembeni. Fremu za milango ya zamani, mbao za vyombo vya baharini vilivyovunjwa, na samani zilizochakaa huwa na mbao zilizokauka miaka mingi. Ila kwanza misumari yote iondolewe, la sivyo randa itaharibika.

Miti ya matunda isidharauliwe. Mwembe mkongwe ulioangushwa na upepo waweza kuwa na mistari myeusi ya ajabu iliyochorwa na kuvu. Mistari hiyo ni mipaka ambayo kuvu huiweka kati ya himaya moja na nyingine. Mbao hiyo ikaushwe mapema kabla haijaoza. Mnazi uliokwisha kuzaa nao hufaa, ingawa si mti wa pete wala miale. Mafundo yake meusi ya mirija yametawanyika ndani ya shina, yakisongamana karibu na gome. Kwa sababu hiyo sehemu ya nje ni ngumu, yenye densiti inayozidi kilogramu 600 kwa mita ya ujazo, na ya katikati ni laini mno kwa kibweta.

Kuna sababu nyingine kubwa ya kutafuta mabaki. Mpingo hukua polepole, na huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Moyo wake hutumiwa na wachongaji wa Kimakonde na pia katika kutengeneza klarineti na zumari za Ulaya. Tangu mwaka 2017 miti yote ya jamii ya Dalbergia imewekwa chini ya usimamizi wa mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Mwaka 2022 nchi wanachama ziliamua kuiongeza miti ya Afrika ya jamii za mninga na mkongo. Tanzania ina Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, ambayo yaviwezesha vijiji kuwa na misitu yao wenyewe na kufaidika nayo. Wilayani Kilwa misitu ya vijiji ilipata cheti cha kimataifa cha uvunaji endelevu mwaka 2009. Basi mnunuzi aulize kila mara mbao ilikotoka, na aone hati zake. Kibweta cha uzuri wa kupindukia kilichotoka katika mti wa wizi kina doa ambalo msasa hauliondoi.

Kuupanga uzuri

Ili mistari ya kibweta izunguke kana kwamba mbao imekunjwa, pande zote nne zikatwe kutoka ubao mmoja kwa kufuatana: mrefu, mfupi, mrefu, mfupi. Kibweta cha milimita 200 kwa 120 chahitaji ubao wa milimita 640, pamoja na kidogo cha kufidia njia ya msumeno. Pembe tatu zitaoana. Ya nne, ambako mwanzo hukutana na mwisho, haitaoana, nayo huwekwa nyuma penye bawaba. Kwa kifuniko, kipande kinene chaweza kupasuliwa katikati ya unene wake na kufunguliwa kama kitabu, ili nusu moja iwe kivuli cha nyingine.

Vipande vibichi vipakwe nta au rangi kwenye ncha, kwa kuwa maji hutoka nchani kwa haraka kuliko ubavuni, na huko ndiko nyufa huanzia. Vipangwe kivulini vikiwa na vijiti kati yake, na vipimwe kila wiki. Tungamo lisipobadilika tena, mbao imepatana na hewa.

Vumbi la mpingo, mvule na mninga laweza kuwasha ngozi na kusumbua pumzi, na tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limeorodheshwa kimataifa miongoni mwa vitu visababishavyo saratani. Kitambaa cha kuziba pua na mdomo, au barakoa iliyo bora zaidi, si anasa. Kibweta kikiisha, mafuta na nta ya nyuki hupunguza kasi ya unyevu kuingia na kutoka, ingawa haviuzuii kabisa. Mwanga nao hubadili rangi: manjano ya mfenesi huelekea hudhurungi ya dhahabu kadiri miaka inavyopita.

Hivyo fundi mwenye elimu hanunui rangi peke yake. Huuliza mti ulikuaje, ulipasuliwaje, una maji kiasi gani, na ulitoka wapi. Maswali hayo manne yakijibiwa vema, kipande kilichokuwa kinangojea moto chaweza kutunza pete ya bibi mpaka ivaliwe na mjukuu wake.

Maswali

1. Kwa nini moyo wa mti hudumu kuliko sehemu nyeupe ya nje?
2. Kipande cha mbao kina gramu 92. Baada ya kukaushwa kabisa kina gramu 80. Tafuta kiasi cha unyevu wake.
3. Kifuniko cha upana wa milimita 100 husinyaa kwa asilimia 0.2 kwa kila asilimia 1 ya unyevu. Kitapungua kwa milimita ngapi unyevu ukishuka kutoka asilimia 16 hadi 11?
4. Eleza kwa nini shina la mnazi halina pete kama za msaji.
5. Taja miti mitatu inayopatikana karibu na shule ambayo mabaki yake yaweza kufaa kwa vibweta, na ueleze utakavyohakikisha kwamba yamepatikana kwa halali.