Bima ya afya kwa asiye na uwezo: Nani anajazia?

Safu hii imezoea kuzungumzia maji ya kuchemsha, choo na chandarua. Wiki hii tuzungumzie fedha. Wengi tunaowapokea zahanati wakiwa wamezidiwa, dalili za ugonjwa walizijua mapema. Kilichowachelewesha ni kutafuta pesa ya kwenda nayo dirishani, na homa ya mtoto haimsubiri baba apate kibarua.

Tanzania Bara ilianza utaratibu wa kuchangia gharama za matibabu katika hospitali za serikali mwaka 1993. Yako makundi yaliyosamehewa, kama vile wajawazito, watoto chini ya miaka 5, wagonjwa wa kifua kikuu na wazee wasiojiweza wa miaka 60 na zaidi. Lakini baba wa miaka 40 mwenye ekari moja ya mihogo hayumo humo, ingawa mfuko wake mtupu.

Kwa ajili ya watu kama huyu ulianzishwa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF. Ulijaribiwa wilaya ya Igunga, Tabora, mwaka 1996, kisha ukatungiwa sheria mwaka 2001. Mwaka huo huo Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, nao ukaanza kazi kwa watumishi wa umma. Tazama tofauti iliyopo. Mtumishi hukatwa mshahara kabla hajaushika, jumla asilimia 6, nusu yake ikitolewa na mwajiri. Mkulima hana mwajiri wa kumlipia nusu, na mchango wake lazima aupeleke kwa mkono wake, mwaka wa mavuno na mwaka wa njaa.

Hesabu ya shilingi 5,000

CHF ilipoboreshwa mwaka 2018, mikoa mingi ilitoza shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Gawanya mwenyewe: ni shilingi 5,000 kwa mtu kwa mwaka mzima. Humo mlikuwa na kumwona tabibu, kipimo cha malaria, dawa, na akizidiwa, rufaa mpaka hospitali ya mkoa. Mwenye kadi akiambiwa dawa hakuna, kanunue nje, hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini tuulize pia, shilingi 5,000 ingenunua dawa kiasi gani?

Waliotunga mpango walilijua hilo. Ndiyo maana pakawekwa fedha inayoitwa tele kwa tele: wananchi wakichangia shilingi moja, Serikali Kuu inaongeza nyingine. Kwa karatasi, 30,000 inakuwa 60,000. Tatizo ni kwamba halmashauri ilitakiwa kwanza ionyeshe ilichokusanya na iombe, na fedha yenyewe mara nyingi ilichelewa. Isitoshe, wilaya yenye watu masikini hukusanya kidogo, hivyo huongezewa kidogo. Hapo ndipo mimi naona mpango ulipokosea, kwani msaada uliwafuata wenye kuweza kuchangia.

Lipo na kosa letu wananchi. Wengi hukata kadi siku ngiri inapobana au mama anapoambiwa atahitaji upasuaji. Mfuko wenye wagonjwa watupu hauwezi kudumu, kwa kuwa mgonjwa mmoja hutibiwa kwa michango ya wazima kadhaa ambao mwaka huo hawakuugua. Tuliliona jambo hili kwa Toto Afya Kadi ya NHIF, iliyokuwa shilingi 50,400 kwa mtoto. Mwaka 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, ikaelekezwa watoto wasajiliwe kupitia shule, kwa maelezo kwamba wengi waliokuwa wakiletwa ni waliokwisha kuugua. Baadaye utaratibu huo ulirudishwa, lakini kuna wazazi waliokwama katika kipindi hicho.

Sheria ya 2023

Novemba 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. (Zanzibar ina mfuko wake, ZHSF.) Jipya kubwa ni kwamba sheria inaanzisha mfuko wa kuwalipia wasio na uwezo, na inataja mapato yake: sehemu ya kodi na tozo za vinywaji vyenye kaboni, vileo, vipodozi, michezo ya kubahatisha na miamala ya kielektroniki. Najua msomaji ameshtuka kusikia vileo na kamari. Hukumu ya jambo hilo ni ya masheikh, siyo ya tabibu. La soda nina uhakika nalo, maana kila wiki nawapima sukari wanaozinywa.

La kulifuatilia ni kama fedha hiyo inafika, na inafika kwa nani. Asiye na uwezo hatambuliwi zahanati. Anatambuliwa mtaani na kijijini kwake, kama zinavyotambuliwa kaya za TASAF. Orodha ikiandikwa vibaya, mjane mwenye yatima wanne anaachwa, na mwenye duka anaingia. Kwa hiyo siku ya mkutano wa mtaa usibaki nyumbani. Uliza orodha imebandikwa wapi, na kama jirani yako kikongwe hayumo, mtajie mtendaji jina lake mbele ya watu.

Kwa mwenye kuweza kulipa, uliza kiwango cha sasa kwa mtendaji au zahanati, ujiunge ukiwa mzima. Angalia pia idadi. CHF ya 2018 ilihesabu watu 6 kwa kaya, na nyumba zetu nyingi zina 8 au 10. Hakikisha jina la kila mtoto limeingia, na kwa waliozidi uliza utaratibu wao kabla hujatoa fedha. Omba stakabadhi, na andika ukutani tarehe ambayo kadi inakwisha.